Droni haioni bomu, inaona udongo

Kuna video inazunguka sana siku hizi. Droni inapita taratibu juu ya uwanja mkavu, kwenye skrini vinatokea viduara vyekundu kimoja baada ya kingine, na chini yake pameandikwa kwamba sasa kazi imekwisha, mabomu yaliyofukiwa ardhini yanaonekana kutoka angani na hakuna mtu atakayekatika mguu tena. Nimetumiwa na watu wengi maana wanajua picha za joto na za rada ndo shughuli yangu ya kila siku, na wote swali lao ni moja tu, hii kitu ni kweli? Viduara ni vya kweli. Ila mimi nawaomba watu waangalie ile sehemu ya picha isiyokuwa na kiduara hata kimoja, kwa sababu mtoto anayechunga mbuzi atapita hapo.

Na hili sio jambo la zamani. Ripoti ya Landmine Monitor ilihesabu watu 5,757 waliouawa au kujeruhiwa na mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya vita mwaka 2023, asilimia 84 yao raia, na katika hao raia ambao umri wao ulijulikana zaidi ya theluthi walikuwa watoto. Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu ya kulenga watu ulisainiwa Desemba 1997 ukaanza kufanya kazi Machi 1999, nchi zaidi ya 160 zimo, lakini Marekani, Urusi na China hazijawahi kuingia, na mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya zilizo jirani na Urusi zikatangaza kujitoa. Kwahiyo tusijidanganye kwamba tunafagia tu uchafu wa vita vya wazee wetu, mengine yanategwa leo hii wakati unasoma hapa.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe.

Kamera ya joto haipenyi ardhini. Haioni chini hata milimita moja, inachopima ni joto linalotoka kwenye ngozi ya juu ya udongo, basi. Ujanja wote upo kwenye namna kitu kilichozikwa kinavyoivuruga hiyo ngozi ya juu. Kwenye kiwanja chetu cha majaribio tunazika mabomu bandia, vikopo vya plastiki vilivyojazwa nta au mpira wa silikoni, kwa sababu ukivifukia vinapitisha joto kwa namna inayokaribiana na TNT, kile kilipuzi kinachojazwa kwenye mabomu, na havina madhara kwa mtu yeyote. Tunavizika kwenye kina tofauti, kingine sentimita mbili, kingine tano, kingine kumi na zaidi, tunasawazisha udongo, tunaacha siku zipite, halafu tunafunga kamera kwenye mlingoti na kuiacha inapiga picha mchana na usiku bila kuguswa.

Ukiangalia picha za siku nzima zikipita haraka haraka unaelewa kila kitu. Mchana jua linapiga, joto linashuka kupitia udongo, likifika kwenye kikopo linakwama maana plastiki na kilichomo ndani havipitishi joto vizuri kama udongo ulivyo, sasa linarundikana hapo juu yake na ule udongo unakuwa wa moto kidogo kuliko majirani zake. Doa jeupe linatokea. Usiku mambo yanageuka, ardhi ya jirani inapata joto linalopanda kutoka chini lakini ule udongo wa juu ya kikopo umekatiwa njia, unapoa mapema, na lile doa lililokuwa jeupe mchana linakuwa jeusi. Na katikati ya hapo, asubuhi jua likishachomoza na jioni linapokaribia kuzama, kuna kipindi ambacho doa linatoka kwenye weusi kwenda weupe au weupe kwenda weusi, na hapo katikati linafanana kabisa na udongo wa pembeni. Kikopo kipo palepale, hakuna aliyekigusa, lakini kwenye picha hakipo. Uwanja msafi. Ukirusha droni muda huo utapata ramani nzuri isiyo na kiduara na utaamini umekagua eneo.

Kila mtu ninayemwonyesha hizi picha naona ananyamaza hapo.

Halafu kuna kina. Kile cha sentimita mbili kinang'aa vizuri, cha tano unakiona ukijua kipo, cha kumi na kuendelea kinategemea udongo na hali ya hewa na bahati, na doa lake linachelewa na kutanuka mpaka linafifia kwenye vurugu za kawaida za udongo. Jiwe linatoa doa. Shimo la panya linatoa doa. Mahali ambapo ng'ombe alikojoa jana panatoa doa zuri kuliko bomu lolote. Na tofauti tunayoitafuta mara nyingi haifiki hata digrii moja au mbili.

Afu pikseli, yaani zile nukta zinazounda picha. Kamera nyingi za joto za kufungwa kwenye droni zina pikseli 640 kwa 512, ambazo ukilinganisha na kamera ya simu ni kidogo mno. Ukiruka mita 20 kwa lenzi ya kawaida, pikseli moja inafunika karibu sentimita mbili za ardhi, kwahiyo kitu cha upana wa sentimita kumi unakipata kwa pikseli tano hivi, hapo bado unaweza kukitambua. Ukipanda mita 100 ili umalize eneo haraka, bomu zima limeingia kwenye pikseli moja. Bomu dogo la Kimarekani la M14 lina upana wa sentimita 5.6 tu. Sasa mtu anapokuambia droni yake inamaliza hekta kadhaa kwa dakika chache, muulize ilikuwa inaruka urefu gani.

Nimesema yote haya na bado naipenda hii teknolojia, tena sana, na sitaki mtu afikiri nasema haifanyi kazi. Imefanya kazi. Kaskazini mwa Chad, eneo la Faya-Largeau, kwenye jangwa ambalo mabomu yamebaki tangu vita na Libya miaka ya 1980, shirika la Humanity & Inclusion lilirusha droni zenye kamera za joto na yale mabomu yaliyofukiwa miaka na miaka yakaonekana kwenye picha, sio kwenye maabara, ni kwenye uwanja wa kweli wenye mabomu ya kweli. Hiyo ilikuwa hatua kubwa na waliofanya wanastahili heshima yote. Ila angalia jangwa lilikuwa limewapa nini. Mchanga mkavu, hakuna majani, jua kali mchana na baridi usiku, yaani tofauti ya joto kubwa kila siku. Peleka droni ileile kwenye shamba lililoota nyasi za magotini na kamera itakuletea picha nzuri sana ya joto la nyasi. Peleka siku mbili baada ya mvua na maji yaliyomo kwenye udongo yataficha karibu kila kitu. Mabomu mengi duniani hayako jangwani. Yako kwenye mashamba yaliyoachwa, kando ya mito, chini ya madaraja, kwenye vichaka ambavyo vimeota vizuri kwa sababu hakuna mtu anayethubutu kuvifyeka.

Kuna na habari ya udongo uliochimbwa. Ukichimba shimo ukafukia, chembe ndogondogo zilizokuwa chini zinakuja juu, na hizo zinarudisha mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, tofauti na udongo ambao mvua na upepo vimeshauosha, kwahiyo kamera inayopima mawimbi ya kufaa inaweza kuona mahali palipochimbwa hata kama bomu lenyewe liko mbali chini. Hii ni nguvu kubwa kwa bomu lililotegwa wiki hii. Kwa lililotegwa mwaka 1985 haikusaidii kitu, mvua za miaka 40 zimeshaupanga ule udongo upya. Ndo maana jina la hii posti, kamera inaona udongo uliosumbuliwa na bomu, na udongo ukishatulia hauna cha kukuambia.

Watu wananiuliza kwanini basi tusitumie tu mashine za kutambua chuma ambazo zipo miaka yote. Zinatumika, tena ndo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi mpaka leo. Afisa wa Poland, Józef Kosacki, alitengeneza mashine ya kubebwa mkononi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikatumika El Alamein mwaka 1942, na ukimpa askari wa wakati ule mashine ya leo ataielewa kwa haraka sana. Shida ni mbili na zinavutana. Ya kwanza, waliotengeneza mabomu walijibu kwa kupunguza chuma, ile M14 niliyoitaja karibu yote ni plastiki, chuma chake ni pini tu ya kulipulia, kwahiyo ili uisikie lazima uongeze unyeti wa mashine. Ya pili, ukiongeza unyeti mashine inaanza kulia kwa kila kitu, msumari, kizibo, ganda la risasi, na udongo mwekundu wenye chuma wenyewe unalia. Kambodia kati ya 1992 na 1998 vilichimbuliwa vitu kama milioni 200, na katika hivyo mabomu na vilipuzi vingine havikufika hata asilimia 0.3. Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule mtegua mabomu, amepiga magoti, kavaa ngao ya uso na koti zito kwenye jua, mashine imelia, anachokonoa udongo kwa mshazari kidogo kidogo kutoka ubavuni na sio kutoka juu, anafukua polepole, kizibo. Anasogea. Mashine inalia. Anafukua, waya. Siku nzima, wiki nzima, na kila kizibo lazima akitendee kama bomu kwa sababu siku atakapokichukulia kama kizibo ndo siku yenyewe.

Huyo mtu ndo anayetakiwa kusaidiwa na hizi picha. Nikiona mradi mpya swali langu la kwanza ni moja, huyu aliyepiga magoti atachimba vizibo vichache zaidi kesho bila kuongezewa hatari? Kama jibu ni ndiyo nipo pamoja nao.

Rada ya kupenya ardhini imejibu hilo swali vizuri kuliko nyingine zote. Hii kweli inapenya, inatuma mawimbi ya redio chini na kusikiliza yanayorudi pale yanapokutana na kitu cha aina tofauti, hata kama ni plastiki tupu. Mashine za mkononi zinazounganisha rada na kitambua chuma zipo kazini miaka mingi, chuma kikilia rada inaangalia je hapo chini kuna kitu cha umbo na ukubwa wa bomu au ni kipande tu cha waya. Profesa Motoyuki Sato wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, alitengeneza inayoitwa ALIS ambayo haikupi mlio tu, inakuchorea picha ya kilichoko chini, imetumika Kambodia, na mwaka 2023 wategua mabomu wa Ukraine walikwenda Kambodia kufundishwa kuitumia. Hicho kitendo nakipenda kwa namna ya pekee, nchi iliyoteseka na mabomu miaka mingi ikawa ndo mwalimu.

Lakini rada nayo ina udongo wake inaoupenda na inaouogopa. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unameza mawimbi, hayarudi. Watu wanadhani basi mchanga mkavu kabisa ndo mahali pazuri, na hapa ndo kuna kitu kinachonishangaza mpaka leo, mchanga mkavu na TNT na plastiki kwa macho ya rada vinakaribiana sana, kutafuta bomu la plastiki humo ni kama kutafuta kipande cha kioo ndani ya maji. Rada inataka unyevu kidogo, sio mwingi, ndo tofauti ijitokeze. Kamera ya joto inataka ukavu. Kwahiyo kuna siku ambazo moja inaona na nyingine haioni, na siku nyingine ni kinyume chake, na ndo sababu mimi simwamini mtu yeyote anayekuja na sensa moja, yaani kifaa kimoja cha kuhisi, na kusema inatosha.

Kuifunga rada kwenye droni ni kazi nyingine kabisa. Mkononi unaishusha mpaka inakaribia kugusa udongo, angani sehemu kubwa ya mawimbi inarudishwa na uso wa ardhi kabla hata haijaingia chini, na ule mrudisho unafunika mrudisho mdogo wa bomu. Majani, vichuguu, matuta, droni kuyumba na upepo, vyote vinaingia kwenye data. Kuna timu zinafanya kazi nzuri ya kuruka chini sana na kupiga ardhi kwa pembe ili ule mwangwi wa uso uende pembeni, na kukusanya mirudisho mingi kutoka sehemu tofauti za njia ya droni ili kutengeneza picha moja kali. Mimi naona hiyo ndo njia itakayofika mbali, ila bado haijamruhusu mtu kusimama na kutembea.

Sumaku niiseme kwa ufupi, kwa mabomu ya vifaru yenye ganda la chuma kama TM-62M, ambalo lina uzito wa karibu kilo kumi, droni yenye sensa ya sumaku inafanya vizuri sana. Kwa plastiki haina habari.

Kuna na njia ya kutikisa ardhi kwa sauti na kuitazama kwa leza. Bomu lina uwazi ndani na lina sehemu ya juu inayobonyea, kwahiyo ukipiga sauti ya masafa fulani udongo ulio juu yake unacheza tofauti, na jiwe halichezi hivyo. Ni njia safi kwa sababu inauliza kitu kiko namna gani na sio kimetengenezwa na nini. Tatizo ni polepole na majani yanaivuruga. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem wakiongozwa na Shimshon Belkin walionyesha bakteria waliobadilishwa wakawa wanatoa mwanga wakikutana na mvuke unaovuja kutoka kwenye kilipuzi, unawatawanya ndani ya vidonge vidogo, unapiga leza kutoka mbali usiku na kuangalia wapi panawaka. Bado haijawa kitu cha kila siku uwanjani lakini wazo la kufuata baruti yenyewe ni zuri, na ndo hilohilo wanalofanya panya buku wa shirika la APOPO wanaofundishwa Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya hana habari na vizibo. Ananusa kilipuzi, ni mwepesi kiasi kwamba halipui, na eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa hivi wakati mtu na mashine yake anaweza kwenda mpaka siku nne. Panya Magawa peke yake, yule aliyefanya kazi Kambodia na kupewa medali ya dhahabu mwaka 2020, alifichua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 katika maisha yake ya kazi.

Sasa akili mnemba, maana vile viduara vyekundu ndo kazi yake.

Kuna utafiti mmoja huwa nampa kila anayeanza hii kazi. Timu ya Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, ilikuwa inashughulika na PFM-1, lile bomu la kipepeo la Kisovieti, plastiki, uzito gramu 75 hivi, halifukiwi bali linamwagwa kutoka angani na kubaki juu ya ardhi, watoto wa Afghanistan waliliokota wakidhani ni kitu cha kuchezea. Kwanza wakaonyesha kwamba kamera ya joto kwenye droni inaliona asubuhi pale plastiki inapopata joto kwa kasi tofauti na mawe. Halafu wakafundisha kompyuta ilitambue yenyewe, wakatoa matokeo mwaka 2020. Kwenye picha za majaribio ambazo sehemu yake kompyuta ilikuwa imeshafundishwa nazo, usahihi wa wastani ulikuwa asilimia 99.3. Kwenye picha za mahali ambapo haikuwahi kupaona kabisa, asilimia 71.5.

Kompyuta ileile, bomu lilelile, tena bomu lililo juu ya ardhi na halijafukiwa hata kidogo. Nawaheshimu sana wale watafiti kwa kuandika namba zote mbili, wengi wangeandika ile ya kwanza tu wakaenda kutafuta wafadhili. Na ndo maana mtu akiniletea asilimia 98 namuuliza ulipima wapi, ni uwanja uleule uliofundishia au mwingine, udongo gani, saa ngapi, nani alizika na je aliyerusha droni alikuwa anajua yapo wapi. Kawaida majibu yanakuwa mafupi hapo.

Viwango vya kimataifa vya uteguaji mabomu havitaji asilimia ya kufaulu, vinasema ardhi imesafishwa pale hatari zote zimeondolewa kwenye eneo lililoainishwa mpaka kina kilichoainishwa. Zote. Ukiacha bomu moja kwenye shamba ukampa mkulima karatasi ya kwamba shamba ni salama, umefanya vibaya kuliko usingefika kabisa, maana mwanzoni alikuwa anaogopa na sasa hivi ataingia na familia yake na jembe.

Basi picha za kutoka angani zinafaa nini? Zinafaa sana, na hapa ndo naona watu hawaelezwi vizuri kwa sababu haina video ya kuvutia.

Tatizo kubwa kwenye hii kazi mara nyingi ni ardhi inayoshukiwa, sio mabomu yenyewe. Vita vikiisha watu wanachora mistari mikubwa kwenye ramani kwa sababu ya woga na taarifa chache, na ndani ya ile mistari sehemu kubwa haina kitu kabisa, ila hakuna anayelima na barabara haijengwi. Serikali ya Ukraine ilitaja kilomita za mraba zipatazo 174,000 zinazoweza kuwa na mabomu. Hakuna jeshi la wategua mabomu duniani litakalopiga magoti eneo lote hilo. Lakini lile eneo limeshapungua likawa chini ya 140,000, na sehemu kubwa ya kupungua imetokana na kukagua kwa picha na kwa kuuliza watu kabla hata ya kupeleka mashine. Unafungua picha za setelaiti na za droni, unaangalia mahandaki ya wapiganaji yalipita wapi, ngome zilikuwa wapi, mashimo ya milipuko yamejipanga vipi, magari yaliyoungua yapo kwenye njia gani, kwa sababu mabomu yanategwa kwa sababu na sababu inaacha alama. Handaki lina mbele na nyuma. Mabomu yatakuwa mbele yake, kwenye umbali ambao waliomo ndani wangeweza kuona na kupiga. Hapo hata kama kamera haioni bomu hata moja wewe umeshajua pa kuanzia.

Na unaangalia kinyume chake pia, dalili za kutokuwepo. Shamba ambalo picha za misimu mitatu mfululizo zinaonyesha limelimwa na trekta na kuvunwa, hilo halihitaji mtu kupiga magoti. Njia ya miguu iliyozidi kuwa pana mwaka hadi mwaka. Na njia iliyokuwa inanyooka halafu mwaka fulani ikaanza kupinda kukwepa mahali ambapo hakuna kitu kinachoonekana, hiyo ukiiona simama, nenda kamuulize mtu. Wachungaji wanajua. Akina mama wanaokwenda kuni wanajua ng'ombe wa nani alilipukiwa wapi na mwaka gani. Mimi picha yoyote ya setelaiti ninayoiamini ni ile iliyokaa meza moja na hao watu, wao wananionyesha kwa kidole kwenye skrini, mimi naweka alama, na mara nyingi wananisahihisha upande gani wa korongo.

Hapo ndo kiduara kinapata thamani yake. Kiduara kinasema anza hapa. Hakuna picha inayoweza kusema pale palipobaki patupu mtu apite.

Visiwa vya Falkland ni mfano mwingine nitautoa. Mabomu yalitegwa vita vya 1982 kati ya Uingereza na Argentina, eneo dogo, nchi tajiri inayolipa, na bado kazi ilikuja kuisha Novemba 2020. Waliofanya sehemu kubwa ya ile kazi kwa mikono yao walikuwa Wazimbabwe, watu waliojifunza kwenye mabomu yaliyotegwa na jeshi la Rhodesia mpakani miaka ya 1970. Kwenye ufukwe wa Yorke Bay matuta ya mchanga yalikuwa yamehama na upepo miaka yote hiyo, mabomu mengine yakabaki chini sana kuliko yalivyotegwa, ikabidi mchanga wenyewe uhamishwe na kuchekechwa. Hakuna kamera ya joto ingeona hapo na hakuna rada ya droni ingefika. Ilichukua watu kusimama na kuchimba.

Msumbiji nayo ilitangaza mwaka 2015 kwamba imemaliza maeneo yake yote yaliyojulikana, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi, kwa mashine, mbwa, panya na mikono. Nikiwaza kwamba kamera nzuri ingewapunguzia miaka mitano tu kwa kuwaambia mapema wapi wasihangaike, hiyo ni miaka mitano ya watu kulima. Ndo maana sikati tamaa na hii kazi na ndo maana nakasirika nikiona ile video, inauza kitu kikubwa ambacho hakipo na kukificha kile kilichopo.

Kwa wenzangu mnaotengeneza hizi programu, naomba mtoe ramani za vilivyowapita. Kila ripoti ina picha ya yaliyoonekana, wekeni na ya yale yaliyozikwa yakakosa kuonekana, yalikuwa kina gani, saa ngapi, udongo una unyevu kiasi gani, nyasi zina urefu gani. Hiyo ndo data anayoihitaji kiongozi wa timu uwanjani ili aamue leo arushe droni au asubiri. Sisi awamu inayofuata ni majani. Tunaacha nyasi ziote juu ya vikopo vilevile msimu mzima na kupiga picha kila zinavyorefuka, tuone ni urefu gani doa la mwisho linapotea, na nitaziweka hapa zote pamoja na zile ambazo hazionyeshi kitu. Mwenye kiwanja chake cha majaribio na udongo wa aina nyingine afanye hivyohivyo aniandikie, hasa kama ni mfinyanzi, maana sisi tuna mchanga tu.